Mzuka wa kupiga picha ukiwa huruhusiwi kwenda mbali: anza na dirisha moja

Wapiga picha wenzangu ambao saa hizi mko ndani, au mnaruhusiwa kuzunguka hapo karibu tu basi, najua hali ilivyo. Kamera iko kwenye begi, betri imejaa, memori kadi tupu, na kila ukiliangalia lile begi unajiuliza nitapiga nini humu ndani wakati kila kitu nimeshakiona mara elfu. Siku zinaenda, wiki zinaenda, na kadiri usivyoigusa ndo inazidi kuwa ngumu kuigusa. Hii hali iliwapata wengi sana mwaka 2020 nchi nyingi zilipofungwa, na inarudi kila mtu anapozuiwa kutembea, iwe ni ugonjwa, iwe ni amri ya kutotoka nje, au hata mguu umevunjika na daktari kasema utulie nyumbani.

Kabla ya ufundi wowote niseme hili. Kama ulikuwa unaishi kwa harusi na matukio na kazi zote zimefutwa, kukosa hamu siyo uvivu. Kichwa kinachowaza kodi ya nyumba hakina nafasi ya kuwaza mwanga, na hakuna sababu ya kujilaumu kwa hilo. Haya ninayoandika hapa yanaweza kufanyika kwa dakika ishirini tu kwa siku na hayakudai uwe na furaha kwanza. Na ukiwa na msiba au unauguza, kamera ikae, itakusubiri.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Ukizuiwa, jizuie zaidi. Najua inasikika kinyume lakini angalia wengi tunavyofanya tukifungiwa: leo tunapiga ua, kesho paka, kesho kutwa kijiko, keshokutwa yake kiatu kwenye ngazi, hakuna picha inayoshikana na nyingine na baada ya wiki mtu kachoka kabisa anasema nyumbani hakuna picha. Picha zipo, shida ni kwamba kila asubuhi unaanza upya na swali la nitapiga nini, na hilo swali ndo linamaliza nguvu kuliko kupiga kwenyewe. Kwa hiyo lifute. Chagua dirisha moja, au chumba kimoja, au kipande cha njia kutoka mlangoni kwako mpaka kona ya kwanza. Chagua lenzi moja, kama ni ya zumu igandishe kwenye kipimo kimoja cha milimita uiachie hapo hapo, bandika hata utepe isizunguke. Chagua saa moja ya siku. Jipe wiki nne. Ukiamka hujiulizi tena, unajua unaenda kusimama wapi na saa ngapi, kilichobaki ni kuangalia leo kuna nini.

Wapo waliofanya hivi katika hali ngumu kuliko zetu. Josef Sudek, mpiga picha wa Prague, alipoteza mkono wa kulia kwenye vita kuu ya kwanza, na mwaka 1940 mji wake ukiwa chini ya jeshi la Ujerumani, wakati ambao kuzurura na kamera barabarani ilikuwa hatari, alianza kulipiga picha dirisha la studio yake. Dirisha hilo hilo moja. Kioo kikiwa na umande, kikiwa na matone ya mvua, kikiwa na barafu, nje kuna mti uliopinda kwenye kauwanja kadogo, ndani ameweka glasi au ua kwenye kizingiti. Vita iliisha 1945 na watu wakatoka nje, yeye akaendelea na dirisha lile mpaka 1954. Hapo ndo napenda kuwaonyesha watu wanaodhani dirisha ni kitu cha kupitishia muda tu. Alibaki nalo kwa sababu lilikuwa bado linampa picha.

Mwingine ni André Kertész aliyehamia New York kutoka Paris. Kuanzia 1952 aliishi kwenye ghorofa linaloangalia Washington Square, akawa anapiga kutokea juu na lenzi za kuvuta mbali, theluji, nyayo, watu wadogo wadogo chini ya miti. Mkewe alifariki 1977, na mzee akiwa na zaidi ya miaka 80 akaanza kupiga ndani ya nyumba yake kwa Polaroid, kamera inayotoa picha hapo hapo, kisanamu kidogo cha kioo kimewekwa dirishani na mji umepinduka ndani yake. Kama unakumbuka pia picha ya kamera ya zamani kuliko zote iliyobaki, ile ya Niépce wa Ufaransa ya mwaka 1826 au 1827, nayo ilipigwa kutokea dirishani kwake. Huu ufundi wetu umeanzia nyumbani.

Wiki ya kwanza usipige sana, soma mwanga

Hapa ndo ningependa utulie kidogo maana ndo penye utajiri. Chukua glasi ya kawaida, jaza maji nusu, iweke kwenye kizingiti cha dirisha au kwenye meza iliyo karibu na dirisha, zima taa zote za chumba. Taa zizimwe kweli, maana rangi ya mwanga inapimwa kwa kelvini, wa mchana uko kwenye 5500 hivi na balbu ya njano iko chini ya 3000, ukichanganya upande mmoja wa picha unakuwa wa bluu mwingine wa chungwa na hakuna kuediti kutakakookoa. Mpangilio wa rangi kwenye kamera uweke wa mwanga wa jua, usiuache oto, kwa sababu oto itakuwa inasahihisha kila siku na wewe unachotaka ni kuona tofauti ya siku na siku.

Sasa iangalie ile glasi. Kwanza utaona dirisha lenyewe liko ndani ya maji, limegeuka kushoto kulia, na ukiinama kidogo linanyooka na kujikusanya kuwa mstari mmoja mweupe pembeni. Ukingo wa juu wa maji ni mweusi ukiangalia kutokea chini kidogo na unang'aa ukiangalia kutokea juu. Jua likiingia moja kwa moja, ile glasi inatupa kwenye meza kamduara ka mwanga mkali kenye mikunjo mikunjo, na hako kamduara hakatulii. Jua linasogea nyuzi 15 kila saa, yaani kila baada ya dakika mbili hivi limeshasogea upana wake lenyewe, kwa hiyo ukienda kutafuta tripodi na kurudi unakuta kamduara kameshapanda kwenye karatasi uliyoacha pale. Piga ukiwa umefokasi kwenye ule mwanga wa mezani na siyo kwenye glasi. Halafu sogeza fokasi kwenye glasi. Halafu iondoe glasi kwenye jua uipeleke hatua moja ndani, uone kila kitu kinavyolainika.

Hilo la hatua moja ni somo lenyewe. Kitu kikiwa karibu kabisa na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, dirisha kwake ni taa kubwa sana, kivuli kinakuwa laini, ila ule upande wa pili wa kitu unaingia giza haraka na ukuta wa nyuma unapotea kuwa mweusi. Ukikisogeza mbali, dirisha kwake linakuwa taa ndogo, vivuli vinakuwa vikali zaidi, lakini mwanga kwenye kitu na mwanga kwenye ukuta wa nyuma unakaribiana. Watu wengi wanajua hili kwa kusoma na hawajawahi kulijaribu kwa mikono yao. Jaribu na glasi, halafu na karatasi nyeupe upande wa giza kurudisha mwanga, halafu na kitambaa cheusi upande huo huo kuula mwanga. Ukishaona karatasi moja inavyobadilisha picha nzima hutatamani tena kununua taa kwa muda mrefu.

Kupima mwangaza: kamera nyingi zikiona dirisha zinachanganyikiwa, zinafanya chumba kizima kuwa cheusi, au zikikiona chumba zinaunguza dirisha lote. Weka manyuali, yaani upange mwanga mwenyewe. Pima kwenye kile kitu unachokitaka, na kama kuna pazia jeupe linalopigwa na mwanga angalia histogramu (ile grafu ya mwanga kwenye skrini) isigonge ukingo wa kulia. Ukiwa na shaka shusha stopu moja, yaani nusu ya mwanga, upige RAW (faili ghafi lisilobanwa na kamera), vivuli vinaweza kuinuliwa baadaye ila nyeupe iliyoungua imeungua.

Watu wa nyumbani

Kama haupo peke yako, hawa ndo watakuchosha au watakuokoa. Ukiwaambia njooni niwapige picha watanyoosha mgongo na kutabasamu, na siku ya tatu watakukimbia. Mimi nashauri omba ruhusa mara moja tu, kwa heshima, useme kwamba kwa wiki mbili utakuwa unapiga pale karibu na dirisha muda fulani, na kila picha wataiona na wanayoikataa itafutwa mbele yao. Halafu timiza. Ukishafuta picha moja nzuri uliyoipenda kwa sababu mama au mdogo wako kasema hapana, ndo wanaanza kukuamini na ndo picha za kweli zinaanza kuja, mtu anasoma, anasuka, anaongea na simu uso umeelekea nje. Muweke mtu pembeni ya dirisha, mwili umegeukia mwanga kidogo, na wewe simama karibu na ukuta wenye dirisha ili mwanga umpige kwa ubavu. Wengi wanapiga wakiwa wameligeuzia dirisha mgongo halafu wanashangaa sura imekuwa bapa.

Ambaye yuko peke yake atumie mikono yake, kivuli chake, na saa ya kamera ya sekunde kumi, ile inayojipiga yenyewe. Picha za kujipiga siyo majivuno, ni mazoezi mazuri ya kumwelewa anayekaa mbele ya lenzi.

Na majirani: kupiga kutokea dirishani ni sawa, ila usiingize lenzi ndani ya madirisha ya wengine. Watu wamefungiwa kama wewe, hiyo ndo sehemu pekee waliyobaki nayo.

Ukishachoka na chumba, kiingie kwa ndani zaidi

Kuna siku utasema basi nimemaliza. Hapo punguza tena, nenda karibu. Kama una lenzi ya milimita 50 yenye pete ya apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) juu yake, itoe, igeuze nyuma mbele, ishikilie kwa mkono kwenye mdomo wa kamera, na hapo tayari una makro, yaani lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana, isiyo na gharama. Hakuna fokasi ya oto, unafokasi kwa kwenda mbele na kurudi na mwili wako, na eneo lililo kali ni milimita chache tu kwa hiyo piga nyingi. Fanya sehemu isiyo na vumbi wala upepo maana sensa, kile kipande kinachopokea picha ndani ya kamera, iko wazi, shika vizuri, na usikae hivyo muda mrefu. Mwenye mirija ya kurefushia lenzi ajue kwamba mirija ya jumla ya milimita 50 kwenye lenzi ya milimita 50 inakupa kitu kwa ukubwa wake halisi kwenye sensa. Kwa ukubwa huo uzi wa pazia, chumvi, kutu ya bawaba, unyoya wa mto, vyote ni nchi usizowahi kufika.

Edward Weston, mpiga picha wa Marekani, mwaka 1930 alichukua pilipili hoho moja akaiweka ndani ya faneli ya bati ili mwanga uizunguke, akaipiga kwa kuacha shata (kile kimlango cha mwanga cha kamera) wazi kwa muda mrefu mno, na picha hiyo inayoitwa Pepper No. 30 mpaka leo inafundishwa darasani. Jina lake linakuambia kitu, zilikuwepo nyingine nyingi kabla yake. Namba ndo siri hapo.

Kitu kingine ninachokipenda kuliko vyote kwenye hii orodha yangu isiyo orodha ni kugeuza chumba kizima kuwa kamera. Tafuta chumba chenye dirisha linaloangalia sehemu yenye jua, yaani jua liwe linapiga kule nje unakokuangalia na siyo linaingia kwako. Ziba dirisha lote kwa maboksi na plastiki nyeusi, ziba hata nyufa za mlango, halafu toboa tundu la duara kama sentimita moja. Kaa kwenye giza. Mwanzoni hutaona kitu utadhani imegoma, lakini subiri macho yazoee, dakika kumi au zaidi, na pole pole ukutani unaanza kuona mbingu iko chini, majengo yananing'inia, na mtu akipita nje anatembea kichwa chini kwenye ukuta wako. Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyezaliwa Basra, alishaichunguza hii tabia ya mwanga kwenye tundu dogo miaka elfu moja iliyopita, na mpiga picha Abelardo Morell kuanzia 1991 akaifanya kuwa kazi kubwa ya picha, akipiga vyumba vya kulala na vya kukaa vikiwa vimefunikwa na mandhari ya nje. Kuipiga unahitaji tripodi, au kamera ilalie kitu kigumu, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 1600, apecha wazi kiasi, anza na sekunde 30 uone. Tundu likiwa kubwa picha inakuwa na mwanga ila imefifia makali, likiwa dogo inakuwa kali ila giza, kwa hiyo kata vipande viwili vitatu vya karatasi ngumu vyenye matundu tofauti uwe unabadilisha. Watoto wakiwepo nyumbani waite. Siku hiyo hakuna atakayeuliza tunafanya nini leo.

Ukiruhusiwa kutoka kidogo

Fuata sheria iliyopo kwenu, hakuna picha inayolipa kukamatwa wala kumuambukiza mtu. Lakini kama matembezi ya karibu yanaruhusiwa, usiyafanye kuwa safari ya kuwinda kila kitu. Mpiga picha Saul Leiter aliishi mtaa mmoja wa New York tangu 1952 mpaka alipofariki 2013 na sehemu kubwa ya picha zake za rangi ni za mitaa ya karibu na kwake, vioo vyenye ukungu, miavuli, vipande vya rangi nyekundu katikati ya weusi. Chagua vituo vitatu tu kwenye hiyo njia yako, simama pale pale kila siku, fremu ile ile. Siku ya nne utaona ni ujinga. Endelea. Kivuli cha nguzo kitakuwa kimehama, kuna mtu kaacha kiti nje, mvua imenyesha na ukuta umebadilika rangi, na utaanza kuyaona haya kabla hujafika, unatembea unajiuliza leo kile kiti bado kipo? Hapo mzuka umesharudi bila kuutafuta.

Jiwekee kikomo cha fremu 36 kwa matembezi, idadi ya mkanda mmoja wa filamu. Usiangalie skrini mpaka urudi. Rudi ungali na hamu ya kubaki dakika kumi nyingine, hiyo hamu iache ikusindikize kesho.

Mitandao na mafaili ya zamani

Kwa ufupi tu. Kuangalia picha za wengine asubuhi kabla hujapiga zako kunaua, hasa picha za milima na fukwe ambazo nyingi ni za zamani watu wanazirudia. Piga kwanza. Na badala ya kurusha kila siku kwa watu wote ukihesabu laiki, tafuta mwenzio mmoja anayejua kazi, mtumiane picha moja kila jioni na kila mtu aseme kitu kimoja kinachofanya kazi na kimoja kisichofanya. Mtu mmoja anayekusubiri jioni ana nguvu kuliko wafuasi elfu.

Mafaili ya zamani nayo ni kazi ya siku za mvua au siku za taa kukatika kichwani. Futa zilizofanana, andika majina na tarehe wakati bado unakumbuka, weka nakala tatu, moja isikae nyumba hiyo hiyo. Ila usigeuze hii kuwa kisingizio cha kutoshika kamera, ni rahisi sana kukaa mwezi mzima unapanga mafolda.

Wiki ya nne: zitoe kwenye skrini

Mradi usio na mwisho unakufa wenyewe, kwa hiyo mwisho upange tangu siku ya kwanza. Ukiwa na printa chapisha ndogo ndogo hata kwenye karatasi za kawaida, kama huna tumia tableti au kompyuta lakini zionekane zote kwa pamoja na siyo moja moja. Zilizo kwenye karatasi zitandaze sakafuni, uache hata siku mbili tatu ukipita unaziangalia. Toa kwanza zile unazozipenda kwa sababu ya ugumu uliopitia kuzipata, mwangaliaji haujui huo ugumu. Toa zinazosema kitu kimoja, ubaki na moja. Ukifika kumi na mbili hivi anza kuzipanga: ipi inafungua, ipi ikikaa pembeni ya ipi zinaongea, wapi panahitaji picha tulivu baada ya yenye mambo mengi. Muite mtu wa nyumbani azipange kwa jinsi yake bila kumwelekeza, mara nyingi anaweka pamoja mbili ambazo wewe usingewaza.

Katika kupanga utaona pengo. Zote ni za asubuhi, hakuna hata moja ya usiku taa ya nje ikiingia kupitia pazia, au una glasi na pazia na kivuli lakini hakuna mkono wa mtu hata mmoja. Liandike hilo pengo kwenye karatasi, libandike kwenye kamera, hiyo ndo picha ya kupiga kesho.